Kalasi Si Bariere: Tuache Kumuuliza Mtoto "Uko wa Wapi?"



Kuna ulizo moja linalotembea katika muji wetu kuliko hata toleka. Utalisikia sokoni, kwenye pirogi ya kuvuka Lubunga, mbele ya ofisi ya komini, kwenye matanga: "Weye uko wa wapi?" Mgeni akiulizwa hivyo mbele ya sahani ya pondu, ni ulizo la urafiki. Tunatafuta kama tuna shemeji mmoja au kijiji kimoja. Mtu akiulizwa hivyo kwenye bariere, na kijana anayeshika panga, ni ulizo la kifo. Na mtoto akiulizwa hivyo kalasini, na mwalimu anayeshika biki, hajui ni ulizo gani kati ya hayo mawili.

Juu ya mtoto huyo tunaandika leo. Kabla masomo hayajafunguliwa tena Septemba, harakati yetu inataka kusema jambo hili wazi, hapa Makiso, mahali zilipo ofisi kubwa za jimbo na za muji.

Msimamo wetu ni huu. Hakuna masomo hapa Kisangani yenye haki ya kutafuta kabila la mtoto ili kumpokea, kumchagulia benchi, kumpa pointi au kumwazibu. Na hakuna mtoto anayepaswa kuficha kabila lake ili asome kwa amani. Tunataka mambo hayo mawili pamoja. Anayetuahidi moja tu, hajatusikia.

Damu ya ng'ambo imefika kalasini

Tusijifanye kama hatujui tunatoka wapi. Tangu Februari 2023, ng'ambo ya mto, katika komini ya Lubunga na kuendelea upande wa Ubundu na Opala, Wambole na Walengola wamemwaga damu juu ya udongo. Chanzo kinajulikana: udongo ulioachiwa kampuni ya kilimo, na mabishano juu ya nani alikuwa na haki ya kuutoa. Mamia ya watu wamekufa. Nyumba zimechomwa. Makumi ya maelfu wamekimbia, na wengi wao wamekuja kutafuta usalama hapa hapa mujini.

Kati yao kuna watoto wengi. Mtoto anavuka mto bila buletini, bila inifomu, mara nyingine bila baba. Anafika kwenye masomo mapya na kitu kimoja tu ambacho moto haukuchoma: jina lake. Na ni hilo jina ndilo linaanza kumletea shida.

Tunasikia maneno yanayosemwa uwanjani saa ya kupumzika. "Ule ni wa huko ng'ambo." "Baba yake alikuwa kati yao." "Usikae naye." Watoto hawakuzaliwa na maneno hayo. Waliyasikia nyumbani, wakayabeba ndani ya mfuko wa shule pamoja na kayee. Mwalimu akinyamaza, mtoto anaelewa kwamba mwalimu amekubali.

Angalieni hesabu ya miaka. Kijana aliyeshika panga mwaka 2023 akiwa na miaka 18 alikuwa anakaa kwenye benchi ya shule ya msingi miaka saba au nane nyuma yake. Pengine alikaa na Mumbole upande mmoja na Mulengola upande mwingine. Wambole na Walengola waliishi jirani Lubunga, wakaoana, wakazikana. Shule ilikuwa na miaka yote hiyo ya kumsaidia kijana huyo aone mtu mahali pa kabila. Je, tulitumia miaka hiyo kufanya nini?

Jina, lugha na sura: mashahidi watatu waongo

Watu wengi hapa mujini wanaamini hawahitaji hata kuuliza. Wanasema wanajua tu. Wanasoma jina, wanasikia lugha, wanaangalia sura, basi, kesi imekwisha. Tuwachunguze mashahidi hao mmoja mmoja.

Jina. Tangu 1972, Mobutu alipokataza majina ya kizungu na kutaka kila mtu ajiite majina ya mababu, wengi wanafikiri jina ni ramani ya kijiji. Lakini sisi wote tunajua habari ya ndoyi. Baba ana rafiki mpenzi, jirani wa kabila lingine, na mtoto akizaliwa anampa jina la huyo rafiki. Mtoto anakua na jina la Kilokele na hajaona hata siku moja kijiji cha Walokele. Mwingine amepewa jina la daktari aliyemzalisha mama yake. Mwingine ana jina la upande wa baba, lakini amelelewa na bibi mzaa mama, anaota kwa lugha ya mama. Ukisoma orodha ya kalasi na kugawanya watoto kwa majina, umegawanya urafiki wa wazazi wao.

Lugha. Kisangani ni muji wa lugha mbili kubwa, na zote mbili zilikuja na safari. Kiswahili kilishuka mto na Waungwana, wafanya biashara na watumishi waliofuatana na watu kama Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 alifanywa gavana wa Stanley Falls. Lingala ilikuja kutoka magharibi na mashua za mtoni na askari wa Force Publique. Leo mtoto wa Mangobo anamwomba mama franga kwa Lingala, anacheza kwa Kiswahili, anaandika kwa Kifaransa, na pengine anasalimia babu kwa Kikumu au Kitopoke. Lakini bado kuna watu wanaosema: huyu anasema Kiswahili cha mashariki, basi si mtu wetu, huyu anasema Lingala nzito, basi ametoka Kinshasa kuja kutuibia. Katiba yetu inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Haisemi kwamba moja ni ya wenyeji na nyingine ni ya wageni.

Sura. Hapa Kisangani hatuna haki ya kusahau. Tarehe 14 Mei 2002, askari walioasi dhidi ya wakubwa wa RCD-Goma waliteka redio na kuwaita wanainchi wawafukuze "Wanyarwanda". Siku hiyo watu kadhaa waliuawa kwa sababu walifikiriwa kuwa Wanyarwanda. Walifikiriwa tu. Pua ndefu, mwili mwembamba, basi. Kisha RCD-Goma ikalipiza kisasi: raia waliuawa Mangobo, na maiti zilitupwa kutoka daraja la Tshopo. Muji ulilia mara mbili. Anayefundisha mtoto kujua adui kwa pua anamfundisha somo hilo la 2002.

Mashahidi hao watatu wangesimama mbele ya jaji mzuri, angewafukuza. Sisi tunawaita kila siku, tena kwenye kesi za watoto.

Inaanza kidogo kidogo

Mtatuambia: lakini mnasema juu ya mapanga, kwenye masomo yetu hakuna panga. Ni kweli. Kwenye masomo mambo yanaanza polepole, na kwa sababu hiyo watu hawayaoni.

Inaanza na mwalimu anayesema "ninyi Watopoke" mbele ya mtoto mmoja aliyechelewa, kama vile kabila zima limechelewa. Inaendelea na jina la utani ambalo kalasi nzima inacheka isipokuwa mmoja. Inaendelea na mkuu wa shule ambaye kila nafasi ikipatikana anaita watu wa kwao, na wazazi wanaanza kuchagua shule kwa kuangalia kabila la prefe kuliko kazi ya prefe. Mtoto akipata pointi nyingi, wanasema ni ndugu ya mwalimu. Akianguka, wanasema amechukiwa. Hakuna anayeamini tena kwamba pointi ni pointi.

Kisha kijana anaingia chuo kikuu, na anapokelewa na mutueli ya wanafunzi wa kwao. Mutueli ni kitu chema siku ya matanga, au siku mwanafunzi mgonjwa amekosa franga za dawa. Tunaijua kazi yake na tunaiheshimu. Lakini wakati wa uchaguzi wa wanafunzi inageuka kambi. Anayetaka kuongoza haulizwi atafanya nini juu ya maji na umeme. Anaulizwa ulizo lile lile: uko wa wapi?

Sisi tunaoandika ni vijana wenye diplome na wasio na kazi. Tunajua ulizo hilo linaishia wapi. Tunajua jinsi dosie zetu zinavyosomwa: mkubwa anaruka pointi, anaruka fakulte, anaruka stazi, macho yake yanasimama kwenye jina. Akiona si la kwao, dosie inarudi chini ya zingine. Anayefaidi leo kwa njia hiyo asifurahi sana. Kesho mkubwa mwingine atakaa kwenye kiti kile, wa kabila lingine, na dosie itakayorudi chini ni ya mtoto wake.

Na kuna sheria. Katiba ya 2006, kifungu cha 13, inakataza Mkongomani yeyote kubaguliwa katika elimu na katika kazi za serikali kwa ajili ya kabila, asili ya jamaa, makao yake au kuwa kati ya kundi dogo la utamaduni au lugha. Kifungu cha 51 kinaipa serikali wajibu wa kulinda na kuendeleza maisha ya amani kati ya makabila yote ya inchi. Na tangu tarehe 7 Juni 1966 kuna sheria inayoazibu ubaguzi wa rangi na wa kabila, ina umri kuliko wengi wa wazazi wetu. Hatukosi maandiko. Tunakosa watu wa kuyasoma kwa sauti mbele ya kalasi.

Utamaduni si inifomu ya sikukuu

Sasa tugeuze upande wa pili, maana kuna kosa lingine linalovaa nguo nzuri.

Masomo mengi, yakitaka kuonyesha kwamba yanapenda makabila yote, yanafanya siku ya utamaduni. Watoto wanavalishwa raffia, wanapakwa chokaa usoni, wanacheza mbele ya wageni. Inapendeza. Lakini sikiliza jinsi watoto wanavyochaguliwa: "Weye Mulokele, utapiga ngoma. Weye Mugenia, utaleta samaki." Mtoto amezaliwa Makiso, baba yake anatengeneza telefoni, hajawahi kugusa nyavu. Anasimama pale kama mjumbe wa kabila ambalo analijua kidogo kuliko mwalimu. Hiyo pia ni kumdhania mtoto. Tumemfungia ndani ya sanduku, tofauti ni kwamba safari hii tumepamba sanduku.

Utajiri wa makabila yetu unapaswa kuingia kwenye somo lenyewe, na uwe wa kalasi nzima. Tunatoa mifano mitatu, yote iko karibu nasi.

Wa kwanza ni ngoma ya mti ya Walokele. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyeishi Yakusu karibu na Kisangani, aliandika kitabu juu yake mwaka 1949. Kilokele ni lugha ya sauti za juu na za chini, na ngoma hiyo ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Kwa kuwa maneno mengi yana mwendo mmoja wa sauti, mpigaji hapigi neno moja peke yake. Anaongeza maneno mengine ya kulieleza, mpaka msikilizaji wa mbali asikosee. Hilo ni somo la lugha, la hesabu, na hata la telefoni. Kalasi nzima inaweza kulisoma, Mulokele na asiye Mulokele. Na ndani yake kuna hekima inayotuhusu leo: mababu walijua kwamba neno moja tupu linadanganya. Sisi tunasikia neno moja, "Mumbole" au "Mulengola", na tunafikiri tumeshajua habari yote.

Wa pili ni mitego ya Wagenia kwenye maporomoko. Watalii wanakuja kupiga picha, kisha wanaondoka. Lakini mwalimu wa fizika angeweza kutumia juma zima pale: namna miti inavyosimamishwa katikati ya maji yenye nguvu, kwa nini kikapu kina umbo lile, maji yanasukuma wapi. Mtoto wa Bafwasende na mtoto wa Basoko wangejifunza fizika, na pamoja nayo wangejifunza heshima.

Wa tatu unauma. Wambole wana lilwa, Walengola wana bukota: vyama vya mila vilivyofundisha vijana adabu, siri na wajibu. Sanamu walizochonga kwa ajili ya vyama hivyo zimesimama leo katika makumbusho za Ulaya, nyuma ya kioo, na watu wanalipa ili waone ufundi wa mikono ya watu wetu. Huko zinaheshimiwa zote mbili. Hapa kwetu, mtoto wa Kisangani akisikia "Mbole na Lengola" anafikiri jambo moja tu: panga. Nani atamfundisha lingine kama si shule?

Sheria ya elimu ya Februari 2014 inaruhusu lugha zetu ziingie kalasini kama lugha za kufundishia na kama somo. Mlango umefunguliwa. Tuingie.

Walioambiwa wajigawanye

Jirani zetu wametuonyesha mwisho wa njia hii. Katika Rwanda ya kabla ya 1994, kabila lilikuwa limeandikwa kwenye kitambulisho, tangu wakati wa Wabelgiji. Kulikuwa na hesabu ya kabila katika kupokea watoto kwenye sekondari, na kuna watu wazima leo wanaokumbuka mwalimu akisema Wahutu wasimame, kisha Watutsi wasimame. Shule ilikuwa mahali ambapo watoto wengi walijifunza kwa mara ya kwanza wao ni nani upande wa kabila. Tunajua yaliyofuata.

Lakini kuna wanafunzi waliokataa. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, watu wenye silaha waliingia katika sekondari ya Nyange, magharibi ya Rwanda. Waliwaambia wanafunzi wajigawanye, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi walikataa. Baadhi yao waliuawa. Wiki sita baadaye, tarehe 30 Aprili 1997, jambo lile lile lilitokea Burundi, katika seminari ndogo ya Buta, si Buta yetu ya Bas-Uele. Vijana waliambiwa wajigawanye. Walibaki pamoja, na 40 waliuawa.

Tunajua kwamba kutaja Rwanda leo kunachoma, pamoja na vita vinavyoendelea Kivu na makaburi ya Vita vya Siku Sita vya Juni 2000 ambayo bado tuko nayo hapa mujini. Hatusahau, na hatumsamehei mkubwa yeyote kwa niaba ya waliokufa. Lakini wale wanafunzi wa Nyange hawakutuma bomu hata moja Kisangani. Walikuwa na umri wa wadogo wetu. Walikuwa na dakika chache za kuchagua, na walichagua vema kuliko viongozi wengi wenye miaka 30 ya kazi. Atakayesema hawezi kujifunza kitu kwao kwa sababu ni Wanyarwanda, amethibitisha tu shida tunayoieleza.

Kinachotugusa zaidi ni hiki: hakuna anayepata moyo kama huo kwa usiku mmoja. Vijana wa Buta walikuwa wakiishi pamoja, wakizungumza waziwazi juu ya kabila wakati inchi yao inawaka. Hawakuficha kabila, na hawakuliacha liwatawale. Ndiyo maana tunasema kunyamaza hakutoshi. Shule inayonyamaza inawaacha watoto peke yao siku ile mtu atakapowaambia wajigawanye.

Majibu kwa wanaotupinga

"Shida ni udongo, si shule." Kweli, shida ya Lubunga ni udongo, na tunaendelea kudai haki itendeke: mikataba ya udongo ichunguzwe, waliouwa na waliowatuma wahukumiwe, kila mtu kwa jina lake na tendo lake. Lakini ugomvi wa udongo kati ya watu fulani uligeuka vita ya kila Mumbole na kila Mulengola. Kugeuza huko kulitoka kwenye vichwa vya watu. Vichwa ni kazi ya shule.

"Mnataka kufuta makabila." Hapana. Mtu akitaka kusema yeye ni Mukumu na anafurahia, aseme, tutampigia makofi. Tunachokataa ni mwingine kumsemea, kisha kumtendea kwa kufuata alichomsemea.

"Walimu hawalipwi vizuri, mnawaongezea mzigo." Tunajua. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 2019, kalasi zimejaa, na mwalimu anasubiri mshahara wake kama sisi tunavyosubiri kazi. Tunasimama naye katika hilo. Lakini kuacha kusema "ninyi Watopoke" hakuhitaji franga hata moja.

Tunayoyadai

1. Kwa wakubwa wa elimu wa jimbo la Tshopo: toeni andiko kwa masomo yote kabla ya Septemba, likikataza kuuliza kabila la mtoto au la wazazi wakati wa kuandikisha, na likisema mahali ambapo mzazi anaweza kushitaki. Mtoto aliyekimbia vita apokelewe hata akikosa buletini, karatasi zitafuata.

2. Kwa mkuu wa jimbo na meya wa muji: masomo yaliyoharibika Lubunga na kando yake yatengenezwe, ili watoto warudi kusoma kwao pamoja. Tusijenge masomo ya Wambole upande mmoja na ya Walengola upande mwingine. Ukuta wa shule ukishajengwa hauvunjwi upesi.

3. Kwa maprefe na wakurugenzi: nafasi ya mwalimu ikipatikana, itangazwe ukutani, watu wote waone. Mkianza ninyi, watoto watafuata.

4. Kwa walimu: benchi zigawanywe bila kufuata jina, na zibadilishwe kila muhula. Neno la kabila likisemwa kwa kuchekelea, simamisha somo dakika tano, zungumza. Usimfanye mtoto yeyote msemaji wa kabila lake.

5. Kwa wazazi: mchunge midomo saa ya chakula. Mtoto anayekula kimya anasikia yote.

6. Kwa sisi vijana: tuko na diplome na tuko na wakati, hata kama hatukuuomba wakati huo. Katika kila komini sita za muji, tunaita wenzetu wajitolee saa mbili kwa juma kusaidia watoto waliokimbia wafikie kalasi yao: kusoma, hesabu, Kifaransa. Hakuna atakayeulizwa kabila, wala anayefundisha wala anayefundishwa. Na kwenye mitandao, ukiona picha au sauti inayochochea kabila, usiitume mbele, hata kwa kusema "angalieni upumbavu huu". Sumu haibadiliki kwa sababu umecheka ukiimwaga.

Muji huu uliwahi kufanya vizuri

Tumalize kwa kukumbushana sisi ni nani. Katika miaka ya 1950 kulikuwa na karani wa posta hapa, Mutetela, mzaliwa wa Onalua kule Sankuru. Hakuwa mtu wa hapa kwa kipimo cha wale wanaopenda kuuliza. Watu wa Stanleyville walimsikiliza alichokuwa anasema, wakamfuata, na katika uchaguzi wa Mei 1960 muji huu na jimbo hili vilikipa chama chake kura nyingi. Jina lake ni Patrice Lumumba. Na alipokamatwa, Antoine Gizenga, Mupende wa Kwilu, alishika bendera yake hapa hapa, na Stanleyville ikampokea.

Wale walikuwa babu na bibi zetu. Hawakuwa na mitandao, wengi hawakuwa na diplome, na makabila yao walikuwa wanayajua kuliko sisi. Lakini mtu aliposimama mbele yao, waliuliza kwanza: unatuletea nini?

Septemba hii, mtoto aliyevuka mto atasimama mlangoni mwa kalasi fulani ya Makiso, ya Kabondo au ya Mangobo. Mwalimu atainua macho. Tunamwomba amuulize jambo moja tu: "Umefika kalasi ya ngapi?" Kisha amwonyeshe benchi.

Vijana wa harakati, Makiso, Kisangani